Chuo Kikuu Kianze na Eneo la Akiba



Kwetu Baray, mkulima wa vitunguu huacha kwanza njia ya mfereji, ndipo agawe majaruba. Akianza na majaruba, maji yatapita wapi? Baadhi ya vyuo vyetu hujengwa kinyume: madarasa yanajaa mpaka kwenye uzio, kisha ndipo linakuja swali la wanafunzi kulala wapi.

Mwaka 1964 chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihama Mtaa wa Lumumba kwenda Mlimani. Eneo lilikuwa kubwa mno kwa wanafunzi wachache wa wakati ule. Lakini hosteli za wanafunzi 3,840, zilizozinduliwa mwaka 2017, miaka 53 baadaye, zilipata pa kujengwa. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho, kilichoanzishwa 2007, kilipangwa kwa wanafunzi 40,000. Wapo walioona ni anasa. Serikali ilipohamia Dodoma, wizara kadhaa zilipata ofisi humo humo.

Walioingia kidato cha kwanza 2016, elimu bila ada ilipoanza, wameshafika vyuoni, na wadogo zao wako nyuma yao. Mzazi wa Baray anauza vitunguu ili mwanawe apange chumba mjini, mbali na maktaba. Gharama hiyo haimo kwenye ada (na mikopo haimfikii kila mtu).

Parokia zetu nazo hutoa ardhi kwa ajili ya shule na vyuo. Kabla ya jiwe la msingi, waamini waombe kuona ramani nzima, pamoja na sehemu ambayo haitajengwa leo.