Baiskeli yaweza kuwapa wakazi wa Taita Taveta riziki iliyokwama langoni mwa mbuga

KWA watalii wengi, mji wa Voi ni mahali pa kununua maji na kujaza mafuta kabla ya kuingia mbuga ya Tsavo Mashariki. Gari hupita langoni, huzunguka kutwa nzima likitafuta ndovu na simba, kisha hurejea Mombasa au Nairobi. Muuza ndizi wa Mwatate na mwenye mkahawa wa Wundanyi hawaambulii chochote kutokana na safari hiyo.

Hali hii ndiyo kiini cha lalama za miaka mingi katika kaunti ya Taita Taveta. Kati ya kilomita mraba zipatazo 17,000 za kaunti hiyo, takriban asilimia 62 zimo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, eneo lililotengwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1948. Wakazi 340,671 waliohesabiwa katika sensa ya 2019 wanabanana katika sehemu iliyosalia, ambayo nayo ina ranchi na mashamba makubwa ya mkonge. Ada za langoni hupokelewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kwa niaba ya serikali kuu, ilhali ndovu huingia mashambani bila kulipa ada yoyote.

Mjadala kuhusu mgao wa mapato ya mbuga haujaisha, na ni haki ya wakazi kuuendeleza. Hata hivyo, wakati wanasiasa wakivutana, kuna aina moja ya utalii isiyohitaji kibali cha lango, nayo ni utalii wa baiskeli katika vijiji, milima na maeneo ya kihistoria yaliyo nje ya mbuga.

Ufaransa ni mfano unaofaa kutazamwa. Wakenya wengi huijua nchi hiyo kupitia mashindano ya Tour de France yaliyoanza mwaka wa 1903, na ambayo mzaliwa wa Nairobi, Chris Froome, aliyashinda mara nne kati ya 2013 na 2017. Lakini kinachowanufaisha wanavijiji wa huko mwaka mzima si mashindano hayo ya wiki tatu. Ni njia za mwendo wa pole, kama ile inayofuata mto Loire kwa takriban kilomita 900, ikipita kando ya mashamba ya mizabibu, makasri ya wafalme na vijiji vya kale.

Siri ya njia hiyo ni mwendo wenyewe. Mwendesha baiskeli akisafiri kilomita 50 au 60 kwa siku hulazimika kula, kunywa na kulala njiani. Gari laweza kukipita kijiji kwa dakika mbili, lakini mpanda baiskeli hawezi kukipita bila kukiona. Isitoshe, Ufaransa ina nembo ya kitaifa inayotolewa kwa nyumba za wageni zilizo umbali usiozidi kilomita tano kutoka njia hizo, mradi ziwe na mahali salama pa kuhifadhi baiskeli na vifaa vya kuzikarabati. Masharti kama hayo hayahitaji hoteli ya kifahari. Mjane mwenye vyumba viwili vya ziada anaweza kuyatimiza.

Je, Taita Taveta ina nini cha kumwonyesha msafiri wa aina hiyo? Kwa hakika, ina mengi. Tangu mwaka wa 2017, abiria wanaweza kufika Voi kwa reli mpya kutoka Nairobi au Mombasa. Kutoka hapo, barabara ya lami inaelekea Mwatate, mwendo wa takriban kilomita 25, kabla ya kuanza kupanda kwa mizunguko mikali hadi Wundanyi. Joto la nyika hubaki chini, na msafiri hujikuta katikati ya ngazi za mashamba ya mboga na mahindi, vijito na ukungu wa asubuhi.

Juu huko kuna mlima Vuria wenye urefu wa mita 2,208, pamoja na masalia ya misitu kama Ngangao, makao ya ndege ambao hawapatikani kwingineko duniani. Kuna pia mapango ambamo Wataita wa zamani walihifadhi mafuvu ya wahenga wao, mahali panapohitaji mwongozo wa wazee wa kijiji wala si pa kuvamiwa na wenye kamera. Mgeni anayelala Wundanyi au Werugha, akala kimanga na kusikiliza simulizi za wenyeji, huwa ameacha pesa zake mikononi mwa wenyeji wenyewe.

Akiteremka na kuelekea magharibi, msafiri huyo hupita misheni kongwe ya Kikatoliki ya Bura na kuingia uwanja wa vita ambao ulimwengu umeusahau. Mnamo Agosti 1914, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kuiteka Taveta. Waingereza walijibu kwa kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi hadi Maktau mwaka wa 1915. Tarehe 12 Februari 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita na kurudishwa nyuma, wakaokolewa na kikosi cha Wahindi ambacho walikuwa wamekidharau. Mwezi uliofuata, vita vya Latema na Reata vilifungua njia ya kuelekea Moshi.

Makaburi ya vita yaliyoko Voi, Maktau na Taveta yangali yanatunzwa. Lakini hadithi haikamiliki bila wapagazi wa Kiafrika, waliobeba risasi na chakula cha majeshi hayo na kufa kwa maelfu kwa maradhi na uchovu, wengi wao bila kaburi lenye jina. Mwaka wa 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika hao hawakukumbukwa sawa na wenzao wa Ulaya, na ikaomba radhi. Njia ya baiskeli yenye vibao vya kueleza historia hiyo kwa Kiswahili na Kidawida ingekuwa pia njia ya kuwarejeshea heshima.

Safari hiyo ingeishia Taveta, penye soko la ndizi, ziwa Chala lililo katika shimo la volkano na ziwa Jipe mpakani mwa Tanzania. Hapo pia kuna kasri ambalo mlowezi Ewart Grogan alilijenga juu ya kilima katika miaka ya 1930.

Hata hivyo, itakuwa ni kujidanganya kudhani kwamba mandhari pekee yatatosha. Kikwazo cha kwanza ni wanyamapori. Barabara ya kutoka Mwatate hadi Taveta hukatiza sehemu ya kusini ya Tsavo Magharibi, ambako ndovu huvuka watakavyo. Ndani ya Tsavo, mtalii hutakiwa kukaa garini, na si bila sababu. Kenya ina mbuga inayoruhusu baiskeli, nayo ni Hell's Gate huko Naivasha, lakini kuiga utaratibu wake mahali penye simba na makundi makubwa ya ndovu kungekuwa kuhatarisha maisha. Jambo la busara ni kuwavusha waendesha baiskeli sehemu hiyo kwa gari, kwa saa maalumu zilizokubaliwa na KWS. Huduma hiyo yaweza kuwa kazi ya vijana wenye matatu na magari ya mizigo.

Kikwazo cha pili ni malori. Barabara hiyo iliyowekwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikusudiwa kuharakisha biashara na Tanzania kupitia kituo cha mpakani cha Taveta na Holili. Baiskeli haikufikiriwa sana. Mtalii akigongwa na lori, habari hizo zitaenea ulimwenguni kabla ya jua kutua. Lakini kabla ya mtalii kugongwa, mwanafunzi anayeenda shuleni na mkulima anayebeba kuni ama madumu ya maji kwa baiskeli wako hatarini kila siku. Ukingo mpana wa barabara utakaojengwa kwa ajili ya mgeni utamlinda kwanza mwenyeji, na hiyo ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote katika bajeti ya kaunti.

Rwanda imeonyesha kwamba jambo hili linawezekana katika Afrika Mashariki. Nchi hiyo ya vilima iliweka alama njia ya kilomita 227 kando ya ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Mnamo Septemba 2025, Kigali ikawa jiji la kwanza barani kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Rwanda haikuanza na mashindano ya dunia. Ilianza na mashindano yake yenyewe, vijana wake na barabara zake.

Taita Taveta nayo haihitaji kuanza na mradi wa mabilioni. Vibao vya njia, orodha ya nyumba za wageni zilizokaguliwa, mafundi wa baiskeli wenye tyubu na vipuri katika Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na utaratibu rahisi wa kubeba baiskeli kwenye treni hadi Voi vingetosha kwa hatua ya kwanza.

Muhimu zaidi ni swali la nani atamiliki njia hiyo. Ikiwa kampuni za Nairobi na Mombasa zitaleta wageni, baiskeli, waelekezi na hata chakula chao, basi kijiji kitabaki kutazama kama kilivyotazama magari ya watalii tangu 1948. Serikali ya kaunti ina nafasi ya kuandika masharti mapema, kwamba mwelekezi awe wa hapo, chakula kinunuliwe hapo na mgeni alale hapo. Ada ya lango la Tsavo yaweza kuendelea kupiganiwa bungeni na mahakamani, lakini bei ya chumba cha Wundanyi hupangwa na mwenye chumba.