Je, Njia ya Mbio Iondolewe Uwanjani?

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la shule nitoe maoni yangu juu ya jambo lililobishaniwa sana bwaloni na mabwenini muhula huu. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa mpira wa miguu uchezwe katika uwanja uliozungukwa na njia ya mbio, au njia hiyo iondolewe ili watazamaji wausogelee mpira?

Mabishano haya hayakuanzia shuleni kwetu. Yalianzia mjini Arusha, katika msimu wa 2024/2025, pale Coastal Union ya Tanga ilipokuwa haina uwanja wake wa Mkwakwani, ikaja kuutumia uwanja wetu wa Sheikh Amri Abeid kama nyumbani kwake. Klabu ile ni ya zamani, iliundwa mwaka 1948 na ikawa bingwa wa nchi mwaka 1988. Watu wa Tanga walilalamika, na walikuwa na haki, maana kumfuata mwanao zaidi ya kilomita 400 ili umwone akicheza "nyumbani" si jambo jepesi. Sisi wa Arusha tulifurahi. Tarehe 1 Machi 2025 Simba walikuja wakaifunga Coastal mabao 3 kwa 0, yote yakifungwa na Steven Mukwala, na mji mzima ulizungumza habari hiyo kwa wiki nzima.

Lakini pamoja na furaha yalikuja manung'uniko. Mashabiki wengi walisema uwanja ule ni wa wakimbiaji, si wa mpira. Walisema njia ya mbio imemweka mtazamaji mbali mno na mchezo, na kwamba kama Arusha yataka timu kubwa, hapana budi njia hiyo ing'olewe na majukwaa yasogezwe. Maneno hayo yalipanda mlima yakatufikia huku shuleni. Mwishoni mwa muhula uliopita baadhi yetu tuliandika ombi kwa mwalimu wa michezo kwamba mstari wa chokaa wa njia ya mbio usichorwe tena, ili uwanja wetu wa mpira upanuliwe mpaka kwenye mikaratusi. Mimi ni mmoja wa waliotia sahihi. Leo naandika kwa sababu nataka kuiondoa sahihi yangu, na naona si uungwana kuiondoa kimya kimya.

Kwanza nataka kukiri kwamba malalamiko ya mashabiki si ya uongo. Tarehe 2 Julai 2022 baba mdogo alinipeleka kutazama fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na Coastal Union katika uwanja uleule wa Sheikh Amri Abeid. Nilikuwa mdogo na mfupi, nikakaa nyuma ya goli. Timu zilitoka sare ya mabao 3 kwa 3, na Abdul Suleiman, yule aitwaye Sopu, aliifungia Coastal mabao yote matatu, kisha Yanga wakashinda kwa penalti 4 kwa 1. Yaliyotokea upande wa pili wa uwanja niliyajua kwa kelele za watu kuliko kwa macho yangu. Kila mara nilimvuta baba mdogo shati nikimuuliza, "Nani kafunga?"

Kwa hiyo muhula huu nilichukua kalamu na daftari la hesabu nipime jambo hili, badala ya kulibishania tu. Kwa vipimo vinavyotumika duniani, njia ya mbio ya mita 400 ina pande mbili zilizonyooka za mita 84.39, na mipindo miwili ambayo nusu kipenyo chake ni mita 36.5. Njia zake ni nane, kila moja upana wa mita 1.22, yaani mita 9.76 kwa jumla. Ukiweka ndani yake uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68, utaona mambo mawili. Ubavuni, kutoka mstari wa mpira mpaka ukingo wa nje wa njia ya mbio, ni kama mita 12 tu. Nyuma ya goli ni karibu mita 36. Basi aliyekaa nyuma ya goli kweli ameonewa na jiometri, na goli la upande wa pili liko mita 141 kutoka kwake. Lakini aliyekaa ubavuni hana sababu kubwa ya kulia. Tungesema tu kwamba watoto na wazee wapewe nafasi za ubavuni, tungekuwa tumeponya sehemu kubwa ya ugonjwa bila kumkata mgonjwa mguu.

Hoja ya pili ya wenzangu ni kwamba njia ya mbio hukaa tupu karibu mwaka mzima, na mpira ndio uletao watu na fedha za kiingilio. Hapa naomba wasomaji wanisikilize kwa subira. Mkimbiaji hufanya kazi yake alfajiri, wakati shabiki bado amelala. Hana ngoma wala tarumbeta. Hatumwoni, kisha twasema hayupo.

Tujiulize, ni mchezo gani ulioipeleka sehemu hii ya nchi yetu mbele ya macho ya dunia? Filbert Bayi alizaliwa Karatu, mkoani kwetu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia, na alikuwa mbele tangu mwanzo mpaka mwisho. John Stephen Akhwari, aliyekimbia marathoni ya Mexico mwaka 1968 akaumia goti na bado akafika mwisho, ni mtu wa Mbulu. Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, na mwaka 1982 akashinda mita 10,000. Mbulu na Katesh sasa zimo katika Mkoa wa Manyara, lakini wakati huo zilikuwa Mkoa wa Arusha.

Wala hizi si habari za wazee peke yake. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida ambaye amefanya mazoezi mengi huku kwetu Arusha, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kupata medali ya dhahabu katika mashindano hayo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Simbu alitangulia kwa sehemu 3 za mia moja ya sekunde. Nataka wenzangu waliotia sahihi pamoja nami wakumbuke jambo moja: wawili hao walikimbia kilomita 42 barabarani, lakini ushindi ulipatikana ndani ya uwanja, juu ya njia ya mbio, katika hatua za mwisho. Njia ileile tunayosema ni kipande cha ardhi kisicho na kazi ndiyo iliyoamua dhahabu ya kwanza ya taifa.

Hoja ya tatu ni kwamba tukiiondoa njia ya mbio tutapata timu kubwa. Sioni ushahidi wake. JKT Oljoro ilipanda Ligi Kuu mwaka 2011 ikacheza hapa mpaka iliposhuka mwaka 2014, na sijasikia mtu akisema ilishushwa na mistari ya wakimbiaji. Coastal Union haikuja Arusha kwa kupenda majukwaa yetu, ilikuja kwa shida ya uwanja wake. Mgeni hata akikaa siku nyingi, kwao ni kwao. Tena uwanja wa Benjamin Mkapa kule Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007 na kuchukua watu 60,000, una njia ya mbio. Je, Simba na Yanga wamewahi kukosa watu kwa sababu hiyo? Timu hujengwa kwa makocha, kwa vijana na kwa uongozi mwema. Tusimsingizie mkimbiaji.

Hata Ulaya wamebishana hivi hivi. Klabu ya West Ham ya London ilihama mwaka 2016 kutoka uwanja wake wa tangu 1904, ikaingia katika uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya 2012. Mashabiki wake wengi walilalamika kwamba sasa wako mbali na mpira. Klabu ya Bayern ya Ujerumani ilicheza tangu 1972 katika uwanja wa Olimpiki wa München, nao una njia ya mbio. Mwaka 2005 ikahamia uwanja mpya wa mpira. Lakini watu wa mji ule hawakuung'oa uwanja wa zamani, na mwaka 2022 mashindano ya riadha ya Ulaya yalifanyika palepale. Mpira ulipata nyumba yake, na mbio zikabaki na yake.

Hapo ndipo naona njia iliyo wazi kwetu. Mwaka 2024 ulianza ujenzi wa uwanja mpya kule Olmoti, wa watazamaji 30,000, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuliandaa pamoja. Basi mechi kubwa na ziende Olmoti. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ulio katikati ya mji ambapo mtoto wa shule aweza kufika kwa miguu, utunzwe uwe nyumba ya wakimbiaji, na timu zetu ndogo za mpira zicheze humo pamoja nao.

Yafaa pia tukumbuke jina la uwanja huo. Sheikh Amri Abeid alikuwa mwanasiasa na Waziri, lakini sisi wanafunzi wa Kiswahili twamjua zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1954 kinachofundisha sheria za kutunga mashairi. Kila aliyesoma ushairi ajua kwamba mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kimoja kina kina chake. Hakuna mshairi afutaye kipande kimoja kwa kuwa kingine kinapendwa zaidi. Sidhani kama uwanja wenye jina lake wapaswa kutendewa vinginevyo.

Sasa narudi shuleni, na hapa ndipo penye aibu yangu. Tunaye mwenzetu wa Kidato cha Tatu, mtoto wa Hanang, ambaye hukimbia kila siku kabla ya kengele ya asubuhi na tena jioni. Jioni moja, baada ya mazoezi ya mpira, tulisimama sisi kumi na mmoja juu ya mstari wa chokaa tukizungumza. Alipita mara ya kwanza akasema, "Samahani, kaka zangu." Hatukusogea. Mara ya pili alitukwepa akapita kwenye majani. Mara ya tatu hakusema kitu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwomba radhi, na mimi nilikuwa katikati yao. Katika UMISSETA timu yetu ya mpira ilitolewa ngazi ya wilaya. Yeye peke yake ndiye aliyeendelea mpaka mkoa, amevaa viatu vya kuazima. Basi lilipomrudisha, hapakuwa na mtu langoni wa kumpokea isipokuwa mlinzi na mwalimu wa zamu.

Kwa hiyo natoa maombi yangu. Kwa mwalimu wa michezo: ombi letu lile tafadhali lichanwe, na mstari wa chokaa uchorwe upya kila muhula. Kwa wachezaji wenzangu: tukimaliza mazoezi, tukazungumzie chini ya mikaratusi, siyo juu ya njia ya mtu. Kwa walimu: siku ya paredi matokeo ya mbio yasomwe pamoja na matokeo ya mpira, siyo baadaye muda ukibaki. Na kwa wazazi wetu: mtoto akija likizo, msimwulize tu timu imefunga mangapi. Mwulizeni pia nani amekimbia.

Najua baadhi ya wenzangu wataniita msaliti, maana mimi bado ni mchezaji wa mpira na bado naupenda. Siukatai mpira. Nakataa tu kwamba mapenzi yangu yawe sababu ya kumfukuza mwenzangu uwanjani. Jumamosi ijayo chokaa itakuwa stoo, na nimekwisha mwomba kiranja wa michezo ufunguo. Nahitaji watu wawili wa kunisaidia kushika kamba.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne