Tumjue Chui Kabla ya Kumtaja

Juzi mjini Isiolo nilimwona kijana aliyevaa shati la madoadoa, nao wenzake wakilisifu kuwa ni la chui. Nilipolitazama vyema, niligundua kwamba madoa yale yalikuwa ya duma: vitone vyeusi vilivyojaa, kila kimoja peke yake. Madoa ya chui hujipanga kwa duara mithili ya ua, na katikati huwa wazi. Isitoshe, duma ana mstari mweusi utokao jichoni hadi kinywani; chui hana.

Huenda msomaji akasema kwamba hilo ni jambo dogo. Sikubaliani naye. Kosa lilo hilo hulikuta katika insha za wanafunzi, ilhali wanyama wote wawili wamo katika hifadhi za Buffalo Springs na Shaba. Ni Shaba hiyo hiyo ambako Joy Adamson alimlea chui jike, Penny, hadi akazoea maisha ya porini, kabla ya mama huyo kuuawa huko Januari 1980.

Mtoto wa mfugaji humjua chui kama mwizi wa mbuzi usiku. Msomali humwita shabeel, Mborana qeerransa. Basi sisi walimu tuanzie hapo: tumwulize mtoto jina la nyumbani na sifa za mnyama, ndipo tumpe neno la Kiswahili. Tukifunza majina matupu, chui atabaki kuwa pambo la vitambaa tu.