Koti la Manyoya Usukumani la Nini?

Wapenzi wangu wa Unguja na Pemba, leo nina ugomvi na wala siufichi. Kila ikifika Juni, kipupwe kikianza, simu zinajaa picha za wadada wanaouza seti za baridi za kwenda bara: koti la manyoya, sweta la shingo ndefu, buti za mpaka magotini, kofia ya sufi yenye kibonge juu. Ukifika kijijini sharti upige picha umeshika kikombe cha chai. Na wateja wapo! Mie fundi cherehani, nina duka langu hapa Kahama, na kila likizo nawaona wakishuka stendi na masanduku yao, wamekuja kutembea ukweni Msalala, Ushetu, wengine wanavuka hadi Geita. Saa nne asubuhi koti liko begani, jasho linatiririka.

Nani kawaambia bara ni mahali pamoja? Kitulo, kule Makete, sakitu hulala juu ya majani Juni na Julai. Njombe mtu akivaa koti zito simcheki. Lushoto nako sweta linakuhusu. Lakini Shinyanga na Geita, Julai alfajiri ni kiasi cha nyuzi 15, na mchana inakaribia 30, sawa na huko kwenu au zaidi. Baridi yetu ni ya saa chache, inakuja na upepo mkavu usiku, na jua likipanda inaondoka. Kwa hali hiyo koti zito lina mambo mawili tu: ama umelivaa unachemka, ama umelibeba linakuchosha. Vaa kwa tabaka, shoga. Fulana ya pamba ndani, gauni, sweta jepesi la vifungo, na khanga juu ya mabega. Unavua kimoja kimoja kadiri jua linavyopanda, na vyote vinaingia kwenye mkoba wa kawaida.

Baridi ya kuogopa iko njiani. Kutoka Dar mpaka huku ni karibu kilomita 1,000, na basi likipita Singida usiku, dirisha la jirani likiwa wazi, ndipo utakapoitafuta soksi. Soksi, mtandio mzito, shuka moja. Basi.

Sasa nifike kwenye linaloniuma zaidi. Kijijini alfajiri watu wanaota moto. Mgeni anakaribishwa karibu na mafiga, na kama ni mke wa kijana wa nyumba ile, hatakaa tu kama sanamu, atataka kusogeza kuni na kugeuza sufuria. Manyoya yale ni ya bandia, yametengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Pamba ikishika moto inaungua ikawa majivu. Nguo ya plastiki inayeyuka, na ikiyeyuka inaganda kwenye ngozi. Mwaka juzi nililetewa koti la namna hiyo nilitie kiraka, mkono wake wa kulia umejikunja kama mfuko wa nailoni uliotupwa jikoni. Mwenyewe alilivua kwa wakati. Muuzaji wa picha nzuri hakumwambia habari ya mafiga, maana kwenye picha moto ni pambo.

Na si makoti peke yake. Madera mengi tunayoyapenda, yale laini yanayoteleza, ni nyuzi hizohizo. Kabla hujanunua, omba uzi mmoja kutoka kwenye pindo, ushike kwa kibano juu ya kiberiti. Ukinuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu mepesi, hiyo ni pamba. Ukijikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi, hiyo vaa harusini, jikoni usiingie nayo. Muuzaji akikunyima uzi mmoja, umeshapata jibu.

Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba mnakuja huku msimu wa pamba. Juni na Julai magari ya pamba yanapita barabarani, vipande vyeupe vimenasa kwenye miiba kando ya njia. Mkulima wa Usukumani anatoa jasho kuivuna, sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa ghafi, halafu mwanamke anapita katikati ya mashamba hayo amejifunga plastiki kwa sababu kaambiwa ndiyo mtindo wa shamba!

Halafu vumbi. Hii ni kanda ya dhahabu: barabara za changarawe, malori, makarasha yanayosaga mawe. Shinyanga miti ilifyekwa sana zamani, mingine kwa ajili ya kufukuza mbung'o, hadi ukaanzishwa mradi wa HASHI mwaka 1986 kuirudisha. Kiangazi upepo ukivuma, unalijua vumbi. Baibui jeusi linaloburuta linarudi jekundu mpaka magotini. Najua atakayesema nataka kuwavua watu sitara. La hasha! Pandisha pindo inchi mbili, lifike kifundo cha mguu, vaa soksi na raba za kufunika. Umesitirika na hukufagia barabara. Kazi hiyo fundi yeyote anakufanyia unasubiri.

Wapo wanaochukua mkopo wa kikoba kununua seti hizi. Msichana anarudi visiwani na deni la miezi kadhaa kwa koti alilolivaa asubuhi mbili, na ukweni kumbe hakuna aliyelitazama. Mama mkwe angefurahi zaidi na doti ya khanga mpya, tena pesa ingebaki.

Anayeuza makoti hayo akitaka kunijibu, namkaribisha. Aje Julai, alivae lake la manyoya na buti zake, asimame stendi ya Kahama kuanzia saa tano mpaka saa nane mchana. Akimaliza, tuzungumze bei.