Gawio Latoka Wapi?

Kila mwaka, aghalabu baina ya Januari na Aprili, wanachama wa vyama vya akiba na mikopo nchini Kenya hukusanyika katika mikutano mikuu. Hotuba hutolewa, soda hunywewa, lakini kinachosubiriwa na wengi ni jambo moja tu: asilimia ya gawio. Ikitangazwa kubwa, ukumbi hurindima kwa makofi. Ikitangazwa ndogo, viongozi huanza kutafutiwa wapinzani. Ni nadra mwanachama kusimama na kuuliza swali ambalo lingepaswa kuyatangulia makofi hayo, yaani, gawio hilo limetoka wapi?

Swali hili linamhusu sana kijana anayehitimu leo katika idara za Kiswahili. Mwalimu anayeajiriwa na serikali akiwa na umri wa miaka 27 ana miaka 33 mbele yake kabla ya kustaafu. Chombo atakachokichagua kutunzia akiba yake kitamlea au kitamtupa uzeeni, nao uchaguzi huo hufanywa kwa kusikiliza uvumi wa chumba cha walimu kuhusu nani amelipa asilimia ngapi.

Neno lenyewe lastahili kuchunguzwa. Gawio latokana na kitenzi "gawa", nacho ni kitenzi elekezi, hudai yambwa. Hakuna kugawa pasipo kitu cha kugawa. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, nomino hii hutwikwa mizigo miwili. Kuna malipo ya hisa za mtaji, ambazo mwanachama hawezi kuzitoa bali humwuzia au kumhamishia mwenzake anapoondoka. Kisha kuna riba ya akiba, ambayo ndiyo fungu kubwa la fedha zake. Kinachopigiwa vigelegele aghalabu ni kile cha kwanza, ilhali kinachomlisha ni cha pili.

Chukulia mwanachama mwenye hisa za mtaji za shilingi 30,000 na akiba ya shilingi 300,000. Chama kimoja kinatangaza asilimia 18 kwa hisa na asilimia 10 kwa akiba. Atapata shilingi 5,400 na 30,000, jumla 35,400. Chama jirani kinatangaza asilimia 15 kwa hisa na 12 kwa akiba. Atapata 4,500 na 36,000, jumla 40,500. Chama chenye sauti ndogo ndicho kinacholipa zaidi! Hesabu hii ni ya shule ya msingi, lakini haifanywi kwa kuwa neno moja limeufunika mlango wa kuingilia.

Baya zaidi ni gawio lisilotokana na faida yoyote. Wasimamizi wa sekta hii wamewahi kuvionya vyama vinavyokopa ili vilipe. Chama kikifanya hivyo, mwanachama hupokea kwa mkono wa kulia fedha atakazozirudisha kwa mkono wa kushoto, tena pamoja na riba. Naye asiyeuliza fedha zimelala wapi na akumbuke KUSCCO, muungano wa vyama hivi, ambapo ukaguzi maalumu uliowekwa wazi mwaka wa 2025 ulitaja upotevu wa takriban shilingi bilioni 13.3. Fedha hizo zilikuwa akiba za vyama, na kwa hivyo za watu.

Soko la Hisa la Nairobi nalo lina mafunzo yake. Kampuni ya sukari ya Mumias iliingia sokoni mwaka wa 2001, ikalipa gawio kwa miaka kadhaa, na wengi wakaiona kama ng'ombe asiyekauka maziwa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2013 ilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni moja, na kufikia Septemba 2019 ikawekwa chini ya mrasimu na benki iliyokuwa ikiidai. Wahenga walisema akiba haiozi. Ya wenye hisa za Mumias ilioza.

Safaricom ilianza kwa namna tofauti kabisa. Hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka wa 2008 kwa shilingi 5 kila moja, kisha bei ikaporomoka hadi chini ya shilingi 3. Gawio la mwaka wa fedha wa 2009 lilikuwa senti 10 kwa hisa, kiasi cha kuchekesha. Wengi waliuza kwa hasira, na waliokuwa wamekopa ili kununua walikuwa na sababu ya kukasirika. Lakini kufikia mwaka wa fedha wa 2020 gawio lilikuwa shilingi 1.40, yaani asilimia 28 ya bei ya awali, kila mwaka. Baadaye lilishuka hadi shilingi 1.20, jambo linaloonyesha kwamba hata mti huu una msimu wake. Tofauti ni kwamba lilikua pamoja na biashara yenyewe.

Ikumbukwe pia kuwa asilimia hudanganya. Hisa ya shilingi 20 inayolipa shilingi 1 ina gawio la asilimia 5. Bei ikianguka hadi shilingi 10, asilimia hugeuka 10 pasipo senti moja kuongezeka. Anayeifuata asilimia hiyo huenda anafuata harufu ya msiba akidhani ni ya pilau.

Wamarekani wamejaribu kuligeuza swali hili kuwa kanuni. Fahirisi ya Dow Jones U.S. Dividend 100, inayofuatwa na mfuko mmoja wa Schwab ulioanzishwa mwaka wa 2011, haiipokei kampuni ambayo haijalipa gawio kwa miaka 10 mfululizo. Kisha hupima fedha zinazoingia zikilinganishwa na madeni, faida juu ya mtaji, na ukuaji wa gawio kwa miaka 5. Ukubwa wa gawio ni kigezo kimoja tu baina ya hivyo. Ada ya mfuko huo ni asilimia 0.06 kwa mwaka. Mkenya akiuziwa mfuko wa hisa wenye ada ya asilimia 2 ilhali gawio lake ni asilimia 6, thuluthi moja imekwisha kuliwa kabla hajanawa mikono. Na mifuko inayotangazwa sana hapa nchini, ile ya soko la fedha, hulipa riba ya benki na ya hati za serikali. Inafaa kwa karo ya muhula ujao, lakini si ya kumtegemeza mtu kwa miaka 33.

Wapo watakaosema kwamba ploti ndiyo akiba ya kweli. Na wanunue, mradi waione hatimiliki.

Limebaki la lugha. Taarifa za hesabu za vyama vingi huchapishwa kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa ukumbini kwa sentensi mbili tatu kabla ya chakula. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wa tafsiri wanaohangaika kila mwaka kutafuta matini ya mradi. Taarifa ya mtiririko wa fedha ya chama kimoja cha walimu, kurasa tatu au nne hivi, ingewatosha kwa muhula mzima, na ndani yake mna mstari unaoonyesha kama gawio lilitoka kwenye faida au kwenye mkopo.