Tarehe ya Faili Si Shahidi wa Kutosha



Mwaka wangu wa kichungaji niliufanya katika parokia moja wilayani Mpwapwa, na somo lililonikaa zaidi sikulipata altareni. Nililipata mbele ya kompyuta ya ofisi ya parokia. Kulikuwa na mgogoro wa kiwanja cha kigango. Watoto wa marehemu aliyekitoa walidai baba yao alikiazimisha tu. Katekista mstaafu, mzee wa heshima zake, akaleta flashi yenye muhtasari wa kikao cha mwaka 2011 unaosema kiwanja kilitolewa moja kwa moja. Kijana mmoja wa halmashauri ya walei, anayesifika kwa kompyuta, akafungua maelezo ya faili na kusoma kwa sauti: limeundwa Machi 2023.

"Frateri, hapa hakuna cha kujadili tena," akaniambia. Kufika Jumapili, mzee alikuwa ameshapewa jina la mghushi hadi sokoni.

Siku ile sikuwa na jibu. Baadaye nilijifunza, na kadiri nilivyojifunza ndivyo nilivyozidi kukasirika.

Ile tarehe ya "kuundwa" inayoonekana kwenye kompyuta haisemi maneno yaliandikwa lini. Inasema faili lilifika lini mahali lilipo sasa. Ukinakili faili la zamani kwenye flashi mpya, Windows huandika siku ya kunakili kuwa ndiyo siku ya kuundwa, huku ikiiacha tarehe ya mabadiliko ya mwisho kama ilivyokuwa. Ndiyo maana mara nyingi utakuta faili "limebadilishwa" miaka mingi kabla ya "kuzaliwa". Huo si wizi, ni dalili ya kawaida ya kunakili. Chini kidogo ya mstari ule uliosomwa kwa sauti palikuwa na tarehe nyingine, ya Juni 2011. Hakuna aliyeisoma.

Lakini hata hiyo ya 2011 isingemsafisha mzee. Saa ya kompyuta inarudishwa nyuma na mtoto wa darasa la tano, na betri ndogo ya ndani ikifa, mashine yenyewe hurudi miaka ya nyuma bila mtu kuigusa. Zipo pia programu za bure za kubadili tarehe za faili.

Wataalamu hawaiamini tarehe moja. Wanatafuta kama tarehe zinapatana. Faili la Word ni kifurushi kilichobanwa, na ndani yake limo kumbukumbu lingine: siku lilipoanzishwa, jina la aliyelihifadhi mara ya mwisho, idadi ya marekebisho. Saa za humo huandikwa kwa saa za Greenwich, kwa hiyo ziko saa 3 nyuma ya zetu, jambo ambalo mghushi asiye makini hulisahau. Faili la PDF hubeba jina la programu iliyolitengeneza. Hati ya 2011 iliyotengenezwa na toleo la programu la 2019 imejikana yenyewe. Diski za Windows nyingi huweka tarehe za faili sehemu mbili, na programu za kughushi kwa kawaida hugusa moja tu. Barua pepe ni ngumu zaidi kuidanganya kwa sababu kila seva inayopitia hugonga muhuri wake wa saa. Picha ya simu hubeba tarehe ndani yake, ila ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, tarehe hiyo hufutwa.

Majirani zetu wameliona hili katika kesi kubwa kuliko ya kiwanja. Tarehe 5 Septemba 2022, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi kuhusu uchaguzi wa rais wa mwaka huo. Baadhi ya waliopinga matokeo walileta kumbukumbu za seva zilizodaiwa kuonyesha kwamba mfumo uliingiliwa. Baada ya seva kukaguliwa, majaji wakasema baadhi ya kumbukumbu hizo zilitoka katika uchaguzi wa 2017, au zilikuwa za kughushi kabisa.

Wakati mwingine hati hujisaliti kwa sura yake. Nchini Pakistan, mwaka 2017, wachunguzi waliletewa waraka wa familia ya waziri mkuu wenye tarehe ya Februari 2006, umeandikwa kwa herufi za Calibri. Herufi hizo ziliingia sokoni rasmi Januari 2007. Watetezi walijibu kwamba matoleo ya majaribio yalikuwapo kabla ya hapo, na kweli yalikuwapo. Kwa hiyo hata dalili nzuri inahitaji wenzake.

Wanaosoma historia ya Kanisa watakumbuka kwamba njia hii haikuanza na kompyuta. Mwaka 1440 Lorenzo Valla alionyesha kwamba Hati ya Konstantino haikuwa ya karne ya 4, kwa kupima Kilatini chake na mambo inayoyataja kabla ya wakati wake. Baadaye alipewa kazi katika ofisi za Papa, jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka.

Nikafanya kama Valla, kwa udogo wangu. Kichwa cha muhtasari wa mzee kilisema "Jimbo Katoliki la Dodoma". Dodoma ikawa jimbo kuu Novemba 2014. Anayeghushi mwaka 2023, aliyezoea kuandika "Jimbo Kuu" kila wiki, angeweza kujikwaa hapo, huyu hakujikwaa. Bado mghushi mwerevu angelikumbuka hilo, nami nikamwambia paroko hivyohivyo.

Kilichomaliza ubishi ni daftari. Lilikuwa kwenye sanduku la bati nyumbani kwa mwenyekiti wa zamani wa kigango: muhtasari uleule kwa mkono, majina ya waliohudhuria, na saini ya marehemu mwenyewe. Kumbe faili lilikuwa nakala tu, iliyochapwa wiki ileile.

Maoni yangu, basi, ni haya. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi hati ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na ilivyotumwa. Ofisi zetu nazo zijipime hivyo. Muhtasari upewe namba kwenye daftari na utumwe kwa barua pepe siku ileile kwa zaidi ya mtu mmoja. Kanuni ya 535 inatutaka tutunze vitabu vya parokia, kompyuta haikuifuta. Na lile ombi tunalolijua sote, "Padri, nisaidie urudishe tarehe kidogo kwenye cheti cha ubatizo, mtoto apate shule", tulikatae hata likija na machozi. Cheti hicho huenda kikatumika kuombea cheti cha kuzaliwa, na siku kitakapopingwa, kila cheti cha kweli kutoka ofisi ile kitatiliwa shaka.

Yule kijana alikwenda kwa mzee jioni moja, akapiga hodi na kuomba radhi. Mzee alimpa kigoda, wakala ugali na mlenda. Sokoni hakuna aliyekwenda kusahihisha.