Idadi ya Nyaraka Si Ushahidi wa Matumizi ya Neno

Imekuwa ada miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili, na hata baadhi ya wahadhiri wao, kuamua ubishi wa istilahi kwa kuiuliza injini ya kutafutia. Huandikwa "tarakilishi", kisha "kompyuta", na neno lililopata nyaraka nyingi hutawazwa kuwa ndilo litumiwalo na jamii. Idadi hiyo hunakiliwa katika tasnifu bila tarehe wala maelezo ya jinsi ilivyopatikana. Ada hii yafaa ikomeshwe, si kwa kuwa mashine haijui kuhesabu, bali kwa kuwa aghalabu huwa haikuhesabu kile anachodhani mtafiti.

Hazina kubwa ya nyaraka haikai katika mashine moja. Hugawanywa vipande vilivyotawanywa katika mashine nyingi, na swali hupelekwa kwa vyote. Kila kipande huhesabu nyaraka zake, kisha mashine iliyopokea swali hujumlisha. Mfano wa soko watosha. Barabara itokayo Rodi Kopany, katika kaunti ya Homa Bay, hupitia Ndhiwa hadi Sori, ufuoni mwa ziwa katika kaunti ya Migori. Ichukuliwe kwamba kila mahali pana soko na karani wake. Makarani wakihesabu ng'ombe walio mbele yao saa nne asubuhi ya siku moja, jumla itakuwa sahihi, maana ng'ombe hawezi kuwa Rodi na Sori kwa wakati mmoja. Lakini wakiulizwa ni wachuuzi wangapi tofauti waliouza juma hilo, kujumlisha hakufai: mchuuzi azungukaye masoko yote atakuwa amehesabiwa mara tatu.

Ndivyo ilivyo kwa maandishi. Nyaraka hujumlishika, waandishi hawajumlishiki mpaka majina yao yaletwe pamoja na kulinganishwa, kazi iliyo ghali hata injini zikaridhika na makadirio. Na anachokitaka mtafiti wa matumizi ya neno, akijiuliza kwa dhati, ni waandishi. Ripoti moja iliyonakiliwa katika tovuti arubaini ni sauti moja.

Hata hizo nyaraka hazihesabiwi zote. Elasticsearch, injini inayotumiwa sana, tangu toleo la 7 la mwaka 2019 huacha kuhesabu kikamilifu ifikapo 10,000 na kusema tu kwamba hazipungui hapo, isipoamriwa vinginevyo. Injini kuu za wavuti nazo hutoa makadirio. Fauka ya hayo, kipande kimoja kisipojibu kwa wakati, jumla yaweza kutolewa bila hicho. Onyo huwekwa pembeni, na nani hulisoma? Ajabu ni kwamba idadi ndogo, ile anayoionea haya mtafiti, ndiyo ya kuaminiwa zaidi, maana nyaraka thelathini zaweza kufunguliwa moja baada ya nyingine.

Kisha kuna swali lenyewe. Rodi Kopany likiandikwa bila alama za mtajo, injini yaweza kuleta hata waraka wenye "Rodi" pekee, na kwa Kiitaliano hilo ni jina la kisiwa cha Rhodes. Upande wa vitenzi hasara huwa kinyume: injini isiyofunzwa mofolojia ya Kiswahili, ikiulizwa "soma", haitaona "walisoma" wala "hatukusomeshwa". Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, tunda la juhudi za Arvi Hurskainen, inamfaa zaidi mtafiti kwa sababu hiyo: maneno yake yamechanganuliwa, na mipaka ya hazina yenyewe inajulikana.

Idara za Kiswahili hazina haja ya kupiga marufuku injini hizi. Zitake tu kwamba mwanafunzi aandike swali lake neno kwa neno, hazina aliyoiuliza, tarehe, na idadi ya nyaraka alizozifungua na kuzisoma. Msimamizi akikuta "nyaraka milioni mbili" bila hayo, airudishe sura hiyo kwa mwenyewe kabla ya kuisoma ukurasa wa pili.